Hamira Haina Hatia: Je, Ni Haki Shamba la Chakula Kugeuzwa Kuwa la Mafuta?

Kwetu Busoga, mashariki mwa Uganda, mtu anaweza kutembea nusu saa katikati ya kuta mbili za miwa asione hata shina moja la mhogo. Haikuwa hivyo nilipokuwa mdogo. Nilipokuwa kidato cha pili, baba aling'oa viazi vitamu na mihogo katika ekari mbili kati ya tatu tulizo nazo, akapanda miwa ya kukiuzia kiwanda. Nyanya alisimama ukingoni mwa shamba akauliza, "Mwanangu, hii tutaipika vipi?" Baba hakujibu. Insha hii ni jaribio la kumjibu nyanya, ingawa nakiri mapema kwamba mimi si mwamuzi asiye na upande. Karo yangu imetoka katika miwa hiyo hiyo.

Tuanze na jambo lenyewe. Miwa ikishakamuliwa na sukari kutolewa, hubaki molasi, yaani uji mzito mweusi ambao bado una sukari isiyoweza kugandishwa kwa faida. Molasi huongezwa maji, kisha hutiwa hamira. Hamira ni kiumbe hai cha jamii ya kuvu. Ikikosa oksijeni, hula sukari na kutoa ethanoli pamoja na hewa ya ukaa. Kwa hesabu ya kemia, gramu 100 za glukosi haziwezi kutoa zaidi ya gramu 51 hivi za ethanoli; nyingine zote huwa hewa. Ethanoli ikizidi, hamira yenyewe hudhoofika na kufa, kwa hiyo mchanganyiko huchemshwa na mvuke wake kupozwa ili kupata ethanoli kali zaidi. Nyanya, ambaye hutengeneza pombe ya ndizi kila kunapokuwa na harusi, anaijua hatua ya kwanza ya kazi hii kuliko mimi, na wapika waragi wanaijua ya pili. Kiwanda cha mafuta huongeza hatua moja tu: huondoa karibu maji yote ili ethanoli iweze kuchanganywa na petroli. Brazili imefanya hivyo kwa mpango wa kitaifa tangu 1975. Uganda nayo ilipata sheria ya kusimamia nishati za aina hii mwaka 2020.

Wanaotetea mafuta haya wana hoja nzito. Nchi yetu haina bahari, na petroli hutufikia kwa safari ndefu kutoka pwani. Muwa ukikatwa huchipua tena, na unapokua hufyonza hewa ya ukaa. Jiko la ethanoli humwepusha mama na moshi wa mkaa. Zaidi ya hayo, husema, molasi ni mabaki, si chakula cha mtu. Basi nani amenyang'anywa nini?

Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyonisumbua kwa muda mrefu, kwa sababu inaonekana haina doa. Lakini mabaki yakipata bei si mabaki tena. Kiwanda kinachopata faida kwa sukari na kwa molasi kina sababu mbili za kutaka miwa zaidi, na miwa haioti hewani. Marekani hali iko wazi zaidi, maana huko hutumika mahindi yenyewe, na katika miaka ya karibuni zaidi ya theluthi moja ya mahindi yao imekuwa ikienda katika viwanda vya ethanoli. Mwaka 2007 Jean Ziegler, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya chakula, aliita kugeuza mazao ya chakula kuwa mafuta jinai dhidi ya ubinadamu.

Je, nakubaliana naye? Nusu tu. Amartya Sen, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu umaskini na njaa, alionyesha kwamba watu hufa njaa hata mahali penye chakula, kwa sababu hawana njia ya kukipata. Kwa mtazamo huo mtu anaweza kusema baba alifanya vyema. Aliuza miwa, akapata fedha, na fedha hununua posho. Kwa nini basi apande kiazi?

Nilichokiona nyumbani ndicho kinachonizuia kuishia hapo. Miwa ya kwanza huchukua takriban mwaka mmoja na nusu kukomaa. Fedha huja mara moja, mkononi mwa mtu mmoja. Njaa huja kila jioni, na humwendea mama. Katika kipindi kile cha kungoja tulikula mara moja kwa siku, na mama alikwenda kulima kibarua kwa jirani ili alipwe mihogo. Yaani mihogo ile ile aliyokuwa akiichimba bure nyuma ya nyumba yake.

Atasema mtu: shamba ni la baba, ana haki ya kupanda atakacho. Hapa namgeukia John Locke, aliyefundisha kwamba mtu hupata mali kwa kuchanganya kazi yake na ardhi, mradi awaachie wengine ya kutosha na iliyo nzuri vilevile. Watu huisoma kanuni hii kwa kuwafikiria walio nje ya ua. Mimi nauliza juu ya walio ndani. Jembe lililolima ekari zile tangu nizaliwe lilikuwa la mama. Kwa kipimo cha Locke mwenyewe, mama naye ni mwenye shamba.

Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2004, inataka idhini ya mwenzi wa ndoa kabla ya ardhi ya familia kuuzwa, kukodishwa au kuwekwa rehani. Lakini baba hakuuza, hakukodisha, wala hakuweka rehani. Alibadilisha zao tu. Hakuvunja sheria, ila kwa aliyekaa jikoni matokeo yalikuwa kama ya shamba lililokodishwa. Mwaka 2007 serikali ilipotaka kutoa takriban hekta 7,100 za msitu wa Mabira zipandwe miwa, watu waliandamana Kampala, wengine wakapoteza maisha, na mpango ukasimama. Kwa ekari mbili za kijijini hakuna anayeandamana.

Kwa hiyo naona swali la "chakula au mafuta" limeulizwa vibaya. Hamira haina hatia. Inakula sukari inayopewa. Swali la haki ni nani aliulizwa kabla ya shamba kubadilishwa, na ni kiasi gani kilibakizwa kwa ajili ya chungu. Masharti yote mawili yanahitajika. Idhini peke yake haitoshi, maana mama anayedaiwa karo anaweza kukubali lolote.

Likizo iliyopita nilimweleza baba mawazo haya, kwa adabu, tukiwa tumekaa nje baada ya chakula. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na karo ya wadogo zako, mwanangu, nitaichimba wapi?" Sikuwa na jibu, kama yeye alivyokosa jibu kwa nyanya. Mama alikuwa karibu akimenya viazi vya kununua. Akasema, "Sasa mnaulizana nyinyi wawili tena?"

Baba alicheka kidogo, akamsogezea kiti.