Saini Juu ya Hatari ya Mwingine

Ripoti ya ukaguzi wa usalama wa fayawoli haina maneno ya kutisha. Ni jedwali tu: anwani ya kifaa, namba ya poti, mara nyingi 443, kisha orodha ya kilichoonekana. Itifaki ya TLS 1.0, ya kusimba mawasiliano, bado inakubaliwa. Algorithimu ya 3DES inakubaliwa, na RC4 nayo haijazimwa. Makubaliano ya ufunguo kwa njia ya Diffie-Hellman yanatumia biti 1024. Cheti cha kifaa kimetiwa saini kwa SHA-1. Kando ya kila mstari pameandikwa kiwango cha hatari, na mara nyingi ni "wastani", neno linalompa msomaji mwenye shughuli nyingi ruhusa ya kugeuza ukurasa. Matengenezo yenyewe kwa kawaida si kazi ya mwezi. Fundi anaingia kwenye mipangilio, anaweka TLS 1.2 kuwa toleo la chini kabisa, anaondoa algorithimu zilizochakaa, anapandisha Diffie-Hellman hadi biti 2048, anatoa cheti kipya chenye saini ya SHA-256, kisha anarudia ukaguzi aone kama mistari ile imetoweka. Lakini swali linalonishughulisha halihusu mikono ya fundi. Linahusu dhamiri ya yule anayeisoma ripoti na kuiweka kando. Je, amekosa, hata kama hakuna aliyeibiwa kitu? Nasema amekosa, na kosa lake limeanza siku aliyojua.

Hakuna hata kasoro moja kati ya hizo iliyokuja ghafla. DES, mzazi wa 3DES, ilifanywa kiwango rasmi cha serikali ya Marekani mwaka 1977 ikiwa na ufunguo wa biti 56, na mwaka huohuo Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha hoja kwamba ufunguo huo ni mfupi mno. Mwaka 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation liliunda mashine kwa gharama isiyofika dola 250,000, na mashine hiyo ikaupata ufunguo kwa saa 56. 3DES iliirefushia DES maisha kwa kuirudia mara tatu, lakini data bado inakatwa vipande vidogo vya biti 64. Mwaka 2016 Karthikeyan Bhargavan na Gaëtan Leurent, watafiti wa taasisi ya Inria nchini Ufaransa, walionyesha kwamba mtu akinasa mawasiliano marefu ya aina hiyo, gigabaiti mia kadhaa, vipande huanza kufanana na siri ikaanza kuvuja. RC4, iliyobuniwa na Ron Rivest mwaka 1987, ilipigwa marufuku ndani ya TLS mwezi Februari 2015. SHA-1 ilivunjwa hadharani Februari 2017, taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na Google walipotoa mafaili mawili tofauti yenye alama moja. TLS 1.0 yenyewe ni ya mwaka 1999, ikastaafishwa rasmi Machi 2021. Anayeikuta leo kwenye kifaa chake hajaletewa habari mpya. Amekumbushwa jambo ambalo wenye taaluma walikwisha kulimaliza.

Sheria za kale za dini zilijua tofauti kati ya balaa na balaa lililotolewa taarifa. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, ng'ombe dume akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, mwenyewe akaonywa na asimfungie, hukumu inamgeukia yeye. Mnyama ni yuleyule na pembe ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mtu amekwenda kwa mwenye ng'ombe akamwambia. Ripoti ya ukaguzi inafanya kazi hiyohiyo. Fiqhi ya Kiislamu kwa upande wake imeliingia suala la amana kwa undani ambao wasimamizi wa mitandao wangefaidika nao. Msingi wake ni kwamba mwekwa amana halipi kilichopotea mikononi mwake, maana alipokea kwa wema, ila akizembea au akivuka mipaka aliyowekewa. Uzembe nao una kipimo: kitu kitunzwe mahali panapolingana nacho kwa desturi ya watu wa wakati huo, dhahabu isiachwe palipoachwa kuni. Na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, Imam Nawawi anafika mbali zaidi ndani ya Minhaj. Asiyeweza kuihifadhi amana ni haramu kwake hata kuipokea. Hasubiri mwizi aje. Kosa liko kwenye kupokea huku ukijua kwamba huwezi.

Hapo ndipo usimbaji dhaifu unapokuwa mbaya kuliko kukosa usimbaji kabisa. Asiye na usimbaji hajaahidi kitu, na mtu mwenye busara atanyamaza mbele yake. Aliyeweka usimbaji dhaifu amemwambia mtu: sema, hapa pana faragha. Mary Stuart, malkia wa Uskoti aliyekuwa kizuizini Uingereza, aliandikiana na kina Anthony Babington mwaka 1586 kwa fumbo la alama lililobadilisha herufi na baadhi ya maneno. Barua zilipitishwa ndani ya mapipa ya bia. Walioandika waliliamini fumbo lao, kwa hiyo waliandika mambo ambayo wasingethubutu kuyaandika kwa lugha ya wazi. Thomas Phelippes, mfumbuzi wa Sir Francis Walsingham, alikuwa akizisoma barua hizo, tena akaghushi nyongeza chini ya barua moja ili Babington ataje majina ya wenzake. Februari 1587 Mary alikatwa kichwa. Ninamtaja kwa sababu ya utaratibu wa maangamizi yake: ulinzi wa uongo ulimfungua kinywa. Na sanaa ya kuvunja mafumbo ya namna hiyo, kwa kuhesabu ni herufi ipi inajirudia zaidi, ilikwisha kuandikwa na Al-Kindi katika karne ya 9, miaka zaidi ya mia saba kabla yake. Leo mgonjwa anayejaza fomu ya kliniki mtandaoni, au mwanachama wa saccos anayeingiza namba ya kitambulisho, anaona kivinjari kikiandika kwamba muunganisho ni salama, na kwa alama hiyo anasema asichomwambia hata ndugu yake. Mwenye mfumo anayejua kwamba alama hiyo imekuwa tupu, akaiacha iendelee kuonekana, anatoa ushahidi wa uongo kila mtu anapofungua ukurasa.

Kuna desturi katika ofisi nyingi inayostahili kutazamwa kwa karibu kuliko nyingine zote. Ripoti ikitoka na kazi ikiwa haitafanywa, huandaliwa fomu ya kukubali hatari. Ina jina la kifaa, maelezo ya kasoro, sababu ya kutoirekebisha, tarehe ya kuangaliwa tena, na chini nafasi ya saini ya mkuu wa idara. Akisaini, kasoro inahama kutoka safu ya mambo yanayosubiri kwenda safu ya mambo yaliyokubaliwa, na mkaguzi anaridhika. Siipingi fomu yenyewe. Kuandika ni bora kuliko kunyamaza, na zipo hatari ambazo kweli ni za taasisi peke yake, kama hasara ya mauzo tovuti ikizima kwa saa mbili. Lakini soma mstari ule unaosema "nakubali hatari" ukijiuliza hatari ni ya nani. Faili la mgonjwa likisomwa, anayeaibika si mkuu wa idara. Namba ya kitambulisho ikinaswa, mkopo utachukuliwa kwa jina la mwanachama. Saini ile imetoa kitu kisicho cha aliyesaini. Mchungaji hawezi kumsamehe fisi kwa niaba ya wenye mbuzi. Kusamehe haki ni kazi ya mwenye haki, na hili linakubaliwa na fiqhi, na maadili ya Kikristo, na hata na mtu asiye na dini anayeamini kwamba binadamu hatumiwi kama chombo cha kupunguzia gharama za mwingine. Fomu ya kweli ingehitaji saini za wote ambao siri zao zinapita kwenye kifaa kile. Kwa kuwa saini hizo haziwezi kukusanywa, mamlaka ya kukubali hatari hayakuwapo tangu mwanzo. Lililobaki mezani ni wajibu wa kurekebisha, au wa kuwaambia wenyewe waamue kama wataendelea kusema.

Hoja nzito zaidi dhidi ya haya ni ya huruma, na siichukulii kwa wepesi. Ukizima TLS 1.0 unawafungia mlango watu wenye vifaa vya zamani. Simu za Android kabla ya toleo la 5.0 hazikuwashiwa TLS 1.2 tangu kiwandani, na mwenye simu kama hiyo mara nyingi ndiye asiye na pesa ya kununua nyingine. Je, usafi wa fundi ulipiwe na maskini? Mwezi Machi 2020 Mozilla walikuwa wameshaizima TLS 1.0 na 1.1 katika kivinjari chao cha Firefox, kisha wakairudisha, kwa sababu baadhi ya tovuti za serikali zenye taarifa za Uviko-19 zilikuwa bado zinaitegemea. Walifanya vyema. Lakini uamuzi ule ulitangazwa, ulikuwa wa muda, ukafikia mwisho wake katikati ya mwaka uleule, na kilichokuwa kikisomwa ni matangazo ya umma. Kuacha mlango dhaifu kwenye ukurasa wa kuingilia VPN au wa kusimamia fayawoli, kimya kimya na bila tarehe ya mwisho, ni jambo jingine kabisa.

Tena udhaifu uliowekwa kwa ajili ya wachache haubaki kwao. Miaka ya 1990 sheria za Marekani zililazimisha programu zinazouzwa nje ziwe na usimbaji uliofifishwa kwa makusudi, funguo za RSA za biti 512, kwa ajili ya ulimwengu uliobaki, sisi wa huku tukiwemo. Masharti yalilegezwa, algorithimu zikasahaulika ndani ya seva. Mwaka 2015 watafiti waliogundua shambulio la FREAK walionyesha kwamba mtu akikaa katikati ya mawasiliano anaweza kumlazimisha mteja mwenye kivinjari cha kisasa ashuke hadi kwenye ufunguo ule wa zamani, ambao kwa kompyuta za kukodi mtandaoni ulivunjwa kwa takriban dola 100 na ndani ya saa chache. Miongoni mwa tovuti zilizokuwa wazi ilikuwemo ya NSA, shirika la ujasusi la Marekani lenyewe. Miezi michache baadaye shambulio la Logjam lilifanya vivyo hivyo kwa Diffie-Hellman, na mwaka mmoja nyuma lile la POODLE lilikuwa limefanya hivyo kwa SSL 3.0, mtangulizi wa TLS. Kwa hiyo anayesema "tuiache kwa ajili ya wenye simu za zamani" awaze pia kuhusu mwenye simu mpya, aliyefanya kila aliloweza kujilinda, akashushwa chini kwa huruma ambayo hakuulizwa. Maskini naye apewe njia nyingine: kaunta, namba ya simu, huduma ya ujumbe mfupi isiyobeba siri. Kumpa faragha ya bandia si kumsaidia.

Wapo watakaosema kwamba wezi halisi hawavunji hesabu. Wanaiba nywila, wanatuma viungo vya kughushi, wanahonga mfanyakazi. Ni kweli, na anayeshughulikia RC4 huku nywila ya msimamizi ikiwa ileile iliyotoka kiwandani amepanga kazi zake kichwa chini miguu juu. Ila hoja hii inaeleza kipi kianze, haielezi kipi kiachwe. Nao wanaosema "miaka yote hatujashambuliwa" wanatumia ukimya kama ushahidi mahali ambapo ukimya hauthibitishi chochote. Anayenasa mawasiliano hawezi kuonekana kwenye kumbukumbu za fayawoli. Anahifadhi leo, anafungua baadaye, hasa pale mfumo unapotumia ufunguo mmoja wa kudumu, ambao ukipatikana siku yoyote unafungua yote yaliyowahi kunaswa. Wengine watasema kwamba hata algorithimu ya kisasa ya AES na itifaki ya TLS 1.3 zitachakaa, kwani tayari Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya kwanza vya kujikinga na kompyuta za kwanta. Bila shaka zitachakaa. Mwekwa amana hakuwahi kudaiwa ulinzi wa milele. Anadaiwa ulinzi wa wakati wake, na kipimo hicho kinasogea pamoja na anachokijua.

Sheria za nchi zimelikaribia jambo hili bila kulifikia. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inampa mtunza data saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data pale uvujaji unapotokea na kuna hatari ya madhara kwa wahusika. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka mkusanyaji azilinde taarifa alizokabidhiwa. Lakini saa zile 72 huanza kuhesabiwa baada ya uvujaji kujulikana. Muda ulio kati ya ripoti na marekebisho hauna saa inayouhesabu, na humo ndimo dhamiri inafanya kazi peke yake. Yapo mambo yasiyohitaji kikao: ukurasa wa kusimamia fayawoli ufungwe leo usionekane kutoka nje, RC4 izimwe, maana vivinjari vikuu viliacha kuitegemea zamani, na wanaotumia mfumo waambiwe kwa lugha wanayoielewa kwamba kuna kazi inaendelea na wasitume taarifa zao za siri hadi iishe. Na kama kifaa ni kikuukuu kiasi kwamba mtengenezaji ameacha kukitolea programu mpya, hakuna mpangilio utakaokiokoa. Hapo fedha ya kununua kingine inapaswa kupanda juu ya orodha ya bajeti, mbele ya samani na semina, na anayeipinga aseme kwa jina ni siri za nani anazokubali zisomwe.