Nyumba Tano kwa Siku Moja

Orodha niliiandika mimi mwenyewe, nyuma ya ratiba ya mitihani ya watoto. Shangazi, Morogoro. Rafiki yangu wa chuo cha ualimu, Iringa. Rafiki wa mume wangu, waliyekuwa naye Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Mafinga. Mdogo wangu, Makambako. Mwisho wakwe zangu, Njombe. Nyumba tano, takriban kilomita 700, siku moja ya Juni shule zikiwa zimefungwa. Kila nyumba niliifungia mfuko wake wa mchele, sukari na kitenge cha mama mwenye nyumba, na kila nyumba niliipigia simu nikataja saa ya kufika.

Kila likizo naona magari yakipakiwa mizigo hadi kwenye keria, watoto wamebanana nyuma, na moyo unanidunda, kwa kuwa najua orodha kama yangu imo mfukoni mwa mtu.

Nilihesabu barabara, sikuhesabu watu. Nyumba niliyoipa saa moja ni nyumba ya shangazi ambaye hajamwona mtoto wa kaka yake kwa miaka minne. Anakukumbatia, analia kidogo, anauliza habari za kila mtu hadi za majirani, kisha anakwambia chai hiyo ni ya kuondolea vumbi tu, chakula kiko jikoni. Utainuka vipi? Tuliingia Morogoro saa 3 asubuhi, tukatoka saa 6 mchana. Shangazi hakutuchelewesha. Alitupokea inavyopasa. Aliyekosea ni mimi niliyempangia saa moja.

Hapo ndipo palikuwa pa kuchukua simu na kuwaambia wa mbele kwamba leo tutaishia Iringa. Hakuna aliyesema. Tulikuwa tumeahidi, na kwetu ahadi kwa mtu aliyeshachinja kuku ni jambo zito. Kwa hiyo muda uliopotea Morogoro tukaudai barabarani, na barabara ile haikopeshi. Ndani ya Mikumi barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, huku mabango yakionya kuhusu faini za kugonga wanyama. Watoto waliona twiga, wakafurahi, tukaenda polepole kama inavyotakiwa. Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu vya kuwapelekea wakwe. Halafu Kitonga. Anayeujua mlima ule hahitaji maelezo: malori yenye shehena yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kona juu ya kona, bonde upande mmoja, na lori moja likikwama wote mnakwama. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Mume wangu alishuka, akanawa uso kwa maji ya chupa, akarudi kwenye usukani.

Alikuwa macho tangu saa 8 usiku, akipanga mizigo na kukagua matairi. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba leseni ya udereva ninayo, na safari nzima sikuwahi kusema, "Nipe nikupokee." Tumezoea kwamba baba akiwepo garini basi yeye ndiye dereva, na kumwomba apumzike huonekana kama kumshusha mbele ya watoto. Nilinyamaza kwa heshima ambayo hakuna aliyeniomba.

Iringa tulifika saa 1 usiku. Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni na mtandio mabegani, maana Juni kule baridi inaingia mifupani. Tulikula. Tulipomaliza akatushika mkono, akatupeleka chumba cha pili. Vitanda vilikuwa vimetandikwa, mablanketi mazito mawili mawili, na godoro chini kwa ajili ya watoto.

"Shemeji, laleni," alimwambia mume wangu. "Mafinga haihami."

"Tungelala, shemeji, lakini jamaa anatusubiri. Ni kilomita 80 tu."

Mzee wa nyumba, baba yake, akasema kutoka kwenye kiti chake: "Mwanangu, macho yako mekundu." Mume wangu alicheka kwa adabu, akasema ni vumbi. Mimi nilikuwa nimeshashika mfuko. Kati ya wote waliokuwa sebuleni, ni mimi peke yangu ambaye neno langu lingemzuia, na sikulitia.

Tuliondoka saa 3 usiku. Baada ya Tanangozi ukungu ulianza kutanda, na garini kukawa kimya. Mtoto wetu wa miaka tisa alifungua mkanda ili ajilaze juu ya mifuko ya mchele. Nilimwona nikamwacha, nikisema moyoni kwamba mtoto amechoka. Mume wangu akafungua dirisha baridi iingie, kisha akawasha redio, kisha akasugua shingo. Ishara zote zile zilikuwa mbele ya macho yangu.

Baadaye nilijifunza nilichopaswa kukijua. Watafiti wamepima na kuona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Mume wangu alikuwa amepita saa 19. Na usingizi wa usukanini hauji kama wa kitandani. Kope zinashuka kwa sekunde tatu au nne, na aliyelala anaweza kukuapia kwamba hakulala. Gari la kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kwa sekunde nne ni karibu mita 90 ambazo gari halina dereva. Dirisha wazi na redio havilipi deni hilo. Kahawa husogeza muda kidogo tu. Linalolipa ni kulala.

Kila msafiri wa nchi hii anaijua lugha ya matawi. Lori likiharibika, utingo hukata matawi ya miti na kuyalaza barabarani kuanzia mbali, ili anayekuja apunguze mwendo. Tulikuwa tumepita Ifunda nilipoyasikia. Niliyasikia kabla sijayaona: yakivunjika chini ya matairi, kra, kra, kra, na mguu wa mume wangu haukusogea. Nilipiga kelele. Alizinduka, lori la mbao likiwa limejaa kioo kizima, akakata usukani kulia, gari likavuka barabara, likatumbukia mtaroni na kulalia ubavu.

Tuliokuwa na mikanda tulitoka na michubuko. Aliyelala juu ya mchele alirushwa mbele. Utingo wa lile lori, kijana ambaye hakutujua, ndiye aliyemtoa kwa dirisha la nyuma na kukaa naye chini akimkinga baridi kwa koti lake, akimwambia asisogeze mkono. Mtulinga ulikuwa umevunjika, na mkono sehemu mbili. Wanakijiji walikuja na tochi. Mchele, sukari na vitunguu vilikuwa vimetapakaa mtaroni, na vitenge vitatu vimelowa umande, kila kimoja na karatasi yenye jina la mwenyewe.

Usiku ule simu zilipigwa. Wa Mafinga alifika kwanza hospitali, akiwa na kandambili miguuni. Wa Iringa alikodi gari akaja na mdogo wake. Aliniletea mablanketi yale yale aliyokuwa amenitandikia. Hakusema neno juu ya hilo, wala mimi sikuweza.

Tulikaa Mafinga siku nane. Makambako na Njombe hatukufika. Wao ndio waliotujia. Mkwe wangu alipanda basi na umri wake ule, akafika na kikapu cha viazi na parachichi, akatusalimu "Kamwene" pale mlangoni kisha akaenda moja kwa moja kukaa kando ya mjukuu wake. Jioni mume wangu na mwenzake wa JKT walikaa kwenye jiko la mkaa hadi usiku mwingi. Ndipo alipojua kwamba yule bwana alimzika mkewe mwaka uliotangulia na hakutaka kulisema kwenye simu. Kwa mpango wangu tungekaa kwake saa moja.

Wakati wa kurudi niliendesha mimi, Mafinga hadi Iringa. Kwenye yale matawi, ambayo mtu alikuwa ameyasogeza pembeni na sasa yamekauka, hakuna aliyezungumza. Kwa rafiki yangu tulifika saa 9 alasiri, jua likiwa bado kali. Alipotukaribisha mezani, mume wangu alimshukuru, akamwomba kwanza amwonyeshe tena kile chumba cha vitanda.