Mama Alikuwa Akikung'uta Mkono

Mara ya kwanza niliamka saa tisa usiku nikidhani nimeulalia mkono. Nikaukung'uta mara tatu nne, kama mtu aliyenawa akakosa taulo, ganzi ikapungua, nikalala. Usiku wa pili hivyo hivyo. Usiku wa tano nilikuwa nimekaa kitandani, mkono unapigapiga hewani, ndipo nikakumbuka nilikokuwa nimeuona mkono unaofanya hivyo. Tanga, nina miaka tisa au kumi, nimelala mkekani chini ya kitanda cha mama.

Mama alikuwa akiuza chapati. Kila alfajiri alikanda kilo sita za ngano, anasimama juu ya sinia na kuushindilia unga kwa mzizi wa kiganja, uzito wa mwili mzima ukishukia vifundo viwili vya mikono. Kisha donge moja moja juu ya kibao, kifimbo mbele, kifimbo nyuma. Kilo sita ni chapati 80 na ushee. Wateja wakiisha, ipo nazi ya kukuna, zipo nguo za kufua na kukamua. Usiku anaamka, anakung'uta, anauning'iniza mkono nje ya kitanda mpaka usingizi umrudie. Majirani walisema ni baridi, imeingia mifupani. Bibi akamchua kwa mafuta ya karafuu, na chumba kikanukia karafuu miezi mingi. Baba alisema anadeka.

Nami nilisema langu. Nilikuwa kidato cha pili, likizo, kikombe cha chai kikamponyoka mama mbele ya mgeni. Nikamwambia, "Mama nawe, si ushike vizuri." Hakunijibu. Alichukua kitambaa akafuta sakafu, kwa mkono wa kushoto.

Sasa mimi ni mtu wa miaka 52, kazi yangu ni kuandika na kuhariri, na vidole vyangu vimegonga kibodi miaka 27. Nilipoanza kulalamika, haikupita wiki ofisi nzima inajua. Nikapewa ruhusa, bima ikalipa, nikaenda kukaa mbele ya binti wa tiba ya viungo mwenye umri wa mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo baba. Ganzi inashika vidole vyote?"

"Marahaba. Vyote."

"Na cha mwisho?"

Nikakitazama kidole changu cha mwisho kana kwamba tunaonana mara ya kwanza. Sikuwa na jibu. "Leo usiku ukiamka, kiguse," akasema. Nilikigusa. Kizima kabisa. Gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vimekufa ganzi. Kidole cha pete kilikuwa kimegawanyika, nusu imelala, nusu iko macho pamoja na jirani yake mdogo. Niliona ajabu kwamba mwili una mipaka iliyonyooka namna ile na mimi nimeishi ndani yake zaidi ya nusu karne bila kuijua.

Niliporudi akanieleza. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba: chini na pembeni mifupa, juu utando mgumu usiovutika. Katika njia hiyo zinapita kano tisa za kukunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ndio unaohudumia gumba na jirani zake. Kidole cha mwisho kinahudumiwa na mwingine, unaopita nje ya njia hiyo. Mimi nilikifikiria kichochoro cha Kariakoo. Kano ni watu tisa wenye mikokoteni, mshipa wa fahamu ni mtoto aliyebeba trei ya mayai. Mikokoteni ikipita kwa zamu, mtoto naye anapita. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimepinda muda mrefu, kama tunavyokikunja usingizini bila kujua, wa kwanza kulia ni mwenye mayai. Akaniambia niegemeze migongo ya viganja viwili, vidole vikitazama chini, nihesabu mpaka 60. Sikufika 30.

Nikamuuliza kama ni kibodi. Hapo akanishangaza. Akasema kibodi huchangia, ila kwa ugonjwa huu hasa ushahidi mzito uko kwenye kazi za kushika kwa nguvu, za kurudiarudia huku kifundo kimepinda, na za vyombo vinavyotetemeka. Akataja msumeno wa injini na mashine za kupasua mawe. Akaniagiza pia nikapime sukari na tezi ya shingo, kwa kuwa kisukari na tezi iliyolegea kazi vinaweza kuuleta ugonjwa huu hata kwa mtu asiyegusa kibodi wala jembe. Wajawazito nao huupata, na wengi wao huwaachia baada ya kujifungua.

Nilitoka pale nikiwa na jambo jingine kichwani. Kazi ya kushika kwa nguvu, ya kurudiarudia, kifundo kimepinda. Alikuwa ananisimulia kibao cha chapati. Mwenye kazi nyepesi alipata daktari, mwenye kazi nzito alipata karafuu na maneno ya mwanawe.

Na si kwamba maarifa hayakuwepo. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kizima cha magonjwa ya wafanyakazi, na katika toleo lake la mwaka 1713 aliwatazama makarani. Aliona mambo matatu yanawamaliza: kukaa kutwa, mkono kwenda upande ule ule bila kukoma, na akili kukaa roho juu wasikosee hesabu. Hilo la tatu ndilo lililonigusa, maana mkono wangu huuma zaidi siku za kufunga kurasa. Anamtaja karani aliyekuwa akifahamiana naye, ambaye mkono wa kulia ulimpooza kwa kuandika. Akajifunza kuandika kwa kushoto, na haukupita muda nao ukashikwa na ugonjwa ule ule. Nilicheka kwa uchungu. Mimi nilikuwa nimehamishia kipanya cha kompyuta mkono wa kushoto, nikajiona mjanja, na mwezi wa pili kushoto kukaanza kuwaka.

Dawa niliyopewa haina mbwembwe. Mkanda wenye kipande cha chuma ndani, wa kuvaa usiku ili kifundo kibaki kimenyooka. Kibodi ikashushwa mpaka mikono ikalala sawa. Kuacha kuandika kwa saa tatu mfululizo kisha kupumzika saa moja. Bora dakika chache kila nusu saa, mkono ukae pajani haufanyi kitu. Simu niache kuichezea kitandani kwa gumba moja, na hili ndilo lililonishinda zaidi. Diklofenaki nilizokuwa nikizitafuna kama karanga akaziondoa: ganzi ya mshipa uliobanwa haiziogopi, tumbo na figo ndizo zinazoziogopa. Wiki sita hivi, kama hakuna nafuu, ipo sindano ya steroidi, na mwisho upasuaji mdogo wa kuukata ule utando wa juu ili njia ipanuke. Mimi mkanda umenitosha, mpaka sasa.

Si kila maumivu ya mkono ni haya, na ni kosa kugawiana mikanda. Jirani yangu aliyejifungua alikuja kuniazima wangu. Yeye anaumwa upande wa gumba, kila akimnyanyua mtoto kwa kumshika kwapani. Zile ni kano za gumba zilizokereka, ugonjwa unaobeba jina la Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Ufundi wake ni mwingine: amnyanyue mtoto kwa kumchota, viganja vikitazama juu. Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kuamua ni baridi ya uzazi.

Hii baridi yetu imebeba mengi. Tukishaitaja hatuulizi tena mtu anafanya kazi gani. Kuna wanawake wanaopasua kokoto kwa nyundo Kunduchi, kuna wabanguaji wa korosho kusini, mafundi cherehani wanaokata kwa mkasi mchana kutwa. Jeraha la panga kila mtu hulikimbilia kwa sababu damu inaonekana. Mkono uliochakaa taratibu hauna damu, na mwenyewe akipunguza kazi huitwa mtegaji. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua magonjwa yanayotokana na kazi, na mfuko wake unachangiwa na waajiri. Mama muuza chapati mwajiri wake ni moto wa mkaa.

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga. Baada ya salamu nilimwomba mama mkono wake wa kulia, akacheka, "Unataka kunisoma nyota, baba?" Nikaugeuza kiganja juu. Chini ya gumba, pale penye mnofu uliovimba kwa watu wote, pamebonyea kama mto uliokaliwa. Binti alikuwa ameniambia habari za alama hiyo: mshipa ukibanwa miaka mingi, mnofu unaolishwa nao hunyauka, na hata ukifunguliwa kwa kisu, nguvu haziahidiwi kurudi zote. Nikamuuliza kama bado anaamka usiku.

"Siku hizi siamki," akasema. "Hausikii tena."

Nilimwomba radhi kwa habari ya kikombe. Hakikumbuki. Anasema vikombe vilivunjika vingi.

Tumepanga kwenda hospitali Jumatano, ingawa yeye anaona tunapoteza nauli. Wewe mwenye mama, dada au mke anayekanda, anayefua, anayeshona, usingoje Jumatano yangu. Muulize leo kama mkono unamwamsha usiku. Kisha muulize, na kidole cha mwisho nacho?