Ufundi ni Mali ya Nani?

Fundi seremala amalizapo kuchonga mlango husema, "Hii ni kazi yangu," wala hatuoni kosa katika kauli hiyo. Jasho ni lake, mkono ni wake, na miaka aliyotumikia chini ya mwalimu wake haitarudi. Lakini je, ufundi wenyewe ni wake peke yake? Je, anayo haki ya kumzuia mwingine asiupate? Swali hili liliwahi kupimwa kwa njaa na migomo katika historia ya mafundi wa mitambo wa Uingereza, na twaamini kwamba historia hiyo ina funzo kwetu.

Mnamo 1851 vyama vidogo vya mafundi wa mitambo na wahunzi viliungana na kuunda Amalgamated Society of Engineers. Kila mwanachama alilipa shilingi moja kwa wiki, nayo haikuwa fedha kidogo siku hizo. Akikosa kazi alipewa posho. Akiugua au akizeeka alisaidiwa. Akifa alizikwa kwa heshima. Ila mlango wa chama haukuwa wazi kwa kila mtu. Aliyeingia ni yule tu aliyekwisha kujifunza kazi kwa miaka mingi.

Tusiharakishe kuwalaumu. Mwanzoni mwa 1852, baada ya chama kudai kwamba kazi za saa za ziada na malipo ya kipande yakomeshwe, wenye viwanda wa London na Lancashire walifunga malango yao. Walitaka kila fundi atie saini hati ya kukikana chama chake. Baada ya miezi kadhaa ya njaa mafundi wengi walitia saini, lakini chama hakikufa. Basi fundi wa siku zile alikuwa na silaha moja tu mbele ya tajiri, nayo ni ufundi wake uliokuwa adimu. Kuulinda uadimu huo kulikuwa kulinda chakula cha watoto wake.

Hata hivyo, ua unaomzuia mwizi humzuia jirani pia. Nje ya ua wa mafundi walibaki vibarua waliobeba vyuma katika karakana zile zile. Walibaki pia wanawake. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wanawake waliingia viwandani kwa maelfu, wakaendesha mitambo na kutengeneza makombora, na dunia ikashuhudia kwamba mikono yao yaweza kujifunza. Vita vilipokwisha, wengi wao waliondolewa. Chama kilichorithi kile cha kwanza, yaani Amalgamated Engineering Union kilichoundwa mwaka 1920, hakikuwapokea wanawake mpaka 1943.

Ubaya mkubwa zaidi ulionekana barani mwetu. Mafundi wa Kiingereza walikwenda Afrika Kusini na kufungua huko matawi ya chama chao. Kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya migodi ya 1911 ziliwatengea Wazungu kazi za ufundi migodini, na sheria ya 1924 ya usuluhishi wa viwandani haikumhesabu Mwafrika aliyebeba pasi kuwa mfanyakazi. Vyama vya mafundi wa Kizungu vilishikilia ubaguzi huo. Hapo ua wa ufundi uligeuka kuwa ua wa rangi, na silaha iliyofuliwa dhidi ya tajiri ikamwelekea maskini mwenzake.

Yupo atakayetujibu kwamba mlango ukiachwa wazi ujira utashuka, na fundi na kibarua watalala njaa pamoja. Hoja hii ina uzito, maana wenye viwanda wamewatumia mara nyingi wasio na ufundi ili kuwashusha wenye ufundi. Lakini tutazame jinsi wanavyoweza kuwatumia. Tajiri humtumia kibarua dhidi ya fundi kwa sababu kibarua hana chama. Basi hatari ya fundi haitokani na kuingia kwa kibarua; yatokana na kuachwa kwake nje.

Wapo mafundi waliolitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1889 vibarua wa bandari ya London waligoma wakidai peni sita kwa saa, nao walishinda. Miongoni mwa viongozi wao walikuwamo Tom Mann na John Burns, wote wawili mafundi wa mitambo na wanachama wa chama kile kile cha mafundi. Ufundi wao haukupungua hata chembe kwa kusimama pamoja na wabeba mizigo. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1919, Mann alikuwa Katibu Mkuu wa chama hicho.

Sisi twaona kwamba ufundi ni amana. Hakuna aliyezaliwa nao. Kila fundi aliupokea kwa mwingine, na huyo naye aliupokea kwa aliyemtangulia. Mwenye amana ana haki ya kudai ujira wa haki kwa kuitumia, wala asiione haya. Hana haki ya kuizika. Katika kila karakana yupo kijana anayempa fundi spana na kumtazama mkono. Siku kijana huyo atakapouliza, "Mzee, nami nijaribu?" jibu la fundi ndilo litakalotuambia kama anaulinda ufundi au anajilinda nafsi yake tu.