Yuko, Yupo, Yumo

Machi 17, 2020, Serikali ilipotangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, nilikuwa nikifundisha hisabati kidato cha pili katika shule ya bweni hapa Mbeya. Watoto walirudi Tukuyu, Kyela, Makambako. Binti mmoja alirudi kwao Kilolo, mkoani Iringa.

Nikafungua kundi la WhatsApp. Nilipiga picha ubao, nikarekodi maelezo, nikatuma. Tiki za bluu zilipotokea, nililala nikiamini nimefundisha.

Binti wa Kilolo hakuwemo. Kwao kulikuwa na simu ya kitochi tu, na mtandao hadi upande kilima. Siku moja alinipigia: “Shikamoo mwalimu. Wenzangu wamefika wapi?”

Sikupata usingizi. Kiswahili chetu kina maneno matatu: yuko, yupo, yumo. Mwalimu yuko Mbeya, darasani hayupo. Je, anaweza kuwamo katika kujifunza kwa mtoto aliye umbali wa zaidi ya kilomita 300?

Mimi ni Mkristo, nikamkumbuka Paulo. Alifundisha makanisa mazima kwa barua. Lakini katika ile ya kwanza kwa Wathesalonike anakiri kwamba alitamani mno kuwaona uso kwa uso, na aliposhindwa kuvumilia alimtuma Timotheo akajue imani yao inaendeleaje. Alihitaji mtu wa kwenda na kurudi na habari. Hata kampeni ya elimu ya afya kwa redio hapa Tanzania, Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyofikia watu wapatao milioni 2, haikuiachia redio kazi yote. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake.

Basi nikanakili maswali kwa mkono, nikampa bahasha konda wa basi la Iringa. Mjomba wa binti akaipokea Ipogolo. Baada ya siku tisa daftari lake la majibu lilinifikia. Swali la tatu lilikuwa limefutwa na kufutwa hadi karatasi ikatoboka. Tundu lile lilinieleza ambacho tiki za bluu hazikuwahi kunieleza: alama ya kutoa iliyo nje ya mabano ilikuwa inamshinda. Nikampigia, tukalifanya swali lile pamoja, hatua kwa hatua, mpaka akasema, “Ahaa!” Siku ile nilikuwa Mbeya, na nilikuwamo.

Sisi tunaomwomba Mungu tusiyemwona hatuwezi kusema kwamba umbali unamtenga mtu na mwenzake. Kinachomtenga ni kutoulizwa hali. Kufundisha ni amana, na amana haikamiliki kwa kutumwa, hukamilika ikishapokelewa.

Shule zilifunguliwa Juni 29. Vyombo vimeongezeka tangu hapo, na nafurahi. Mwalimu mwenzangu, tuma somo kwa chombo chochote ulicho nacho. Ila usilale kabla hujajua ni nani halijamfikia.