Nyimbo za usiku

Zamani hapa Uvira mtungaji wa kwaya alilala na daftari karibu ya kichwa. Wimbo ukimjia usiku, aliamka akauandika. Sasa tunalala na telefone. Tunasikiliza kwaya za Kinshasa hata saa saba ya usiku, kisha tunasema: sisi hatuna kipawa. Je, kipawa kimetoka, ao tumekinyima nafasi?

Tuwatazame wavuvi wa Kalundu. Usiku usio na mwezi wanawasha taa juu ya Tanganyika, ndagala wanafuata mwangaza, wavu unawapandisha. Hakuna aliyewafukuza. Na mwangaza wa telefone vilevile unachelewesha usingizi wetu.

Hatusemi telefone ni dhambi. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, tulitafuta jamaa zetu kwayo. Lakini katika Ayubu 35 Elihu anamtaja Mungu anayetoa nyimbo usiku. Atampa nani, ikiwa masikio yamekwisha kujaa?

Juma lililopita tuliiacha sebuleni siku nne. Usiku wa kwanza tuliandika ubeti mbaya kabisa, tukaona haya. (Hata mke wetu alicheka.) Usiku wa nne ulikuja mwingine. Kwaya ya mama wameusahihisha mahali pawili, na sasa wanaujifunza.