Nasaha kwa Mwalimu Aliyepangiwa Kakesio

Mdogo wangu, nasaha yangu ya kwanza ni hii: ukiingia kazini zima data, lakini usizime simu. Wengi huchanganya mambo haya mawili. Kakesio iko ndani ya eneo la hifadhi ya Ngorongoro, na mama mjamzito akizidiwa, lazima litafutwe gari la kumfikisha hospitali. Anayetafuta gari atakupigia. Hataandika kwenye grupu akakaa kungoja. Mzazi aliyeona tembo kwenye njia ya wanafunzi atapiga pia. Simu inayoita ni haki ya jirani zako. Picha za harusi na ubishi wa Simba na Yanga vitangoja.

Usidhani kutupa jicho mara moja ni jambo dogo. Ng'ombe akishtuliwa wakati wa kukamuliwa hubana maziwa, na huwezi kumwamuru ayaachie hapo hapo. Akili iliyokatizwa iko hivyo hivyo. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliwafuatilia wafanyakazi wa ofisini akaona kwamba kazi iliyokatizwa hurudiwa baada ya dakika 23 hivi, kwa kuwa katikati mtu hushika mambo mengine. Sasa jione umekaa na rundo la insha. Ujumbe ukilia, insha inayofuata utaipa alama kwa macho tu. Na mwenye daftari hilo nyumbani huongea Kimaasai. Kiswahili anakipata kwako. Maneno machache utakayoandika pembeni kwa kalamu nyekundu huenda ndiyo maelezo pekee atakayopewa juu ya kosa lake. Hayo ni mali yake, usiyatoe sadaka kwa grupu.

Panga nyakati tatu za kuwasha data: kabla ya kwenda mstarini, mapumziko ya saa nne, na baada ya vipindi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha matokeo yao: watu waliofungua barua pepe mara tatu tu kwa siku walipungukiwa na msongo, wakilinganishwa na wiki waliyoachiwa wafungue watakavyo. Barua za kazi zitangulie. Mitandao ya kijamii ije jioni, maana picha moja ya asubuhi huvuta nyingine mpaka kengele inagonga. Kazi za mifumo ya serikali, kama ESS na PEPMIS, andika kwanza majibu yako kwenye daftari, ndipo uwashe data. Utaokoa bando, na hutapotelea njiani.

Adabu ya simu haiishii ofisini. Mtoto wa Kimaasai akimsalimu mkubwa huinamisha kichwa ili aguswe utosini. Akiinama huku wewe unatelezesha kidole kwenye kioo, atabaki ameinama mbele ya wenzake, akingoja mkono usiokuja. Kwangu hilo ni kosa zito kuliko kuchelewa kujibu barua ya ofisi yoyote. Na mzee akija shuleni kwa miguu, simu iingie mfukoni kabla hajaketi.

Nawe ukiwa mtumaji, wahurumie wenzako. Usiandike "Habari za kazi?" ukanyamaza. Mwenzako ataacha anachofanya akujibu "Nzuri," kisha akae roho juu akingoja shida yako. Salamu na shida viende pamoja, na utaje unahitaji jibu lini. Takwimu za kesho usiziombe saa nne usiku. Jambo la dharura lipigie simu. Lisilo la dharura usilibandike jina hilo.

Mwalimu mkuu umweleze utaratibu wako mapema, uso kwa uso, kabla hajakutafuta akakukosa. Mwombe naye akupigie penye haraka. Wiki ya kwanza watanung'unika kwenye grupu kwamba umejitenga. Usibishane nao. Ukiwa umesema utajibu saa tisa, saa tisa washa data ujibu kila mmoja, ukianza na aliyetangulia kuuliza.